Fedosia Malutin, mchukuzi wa nyama anayetafuta risasi asiyoiogopa

Mvua inapiga kwa ubavu kwenye machimbo ya kokoto nje ya Port Lions, kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Kodiak, kaskazini ya mbali. Fedosia Malutin amelala kifudifudi juu ya kipande cha turubai, shavu limegusa kitako cha bunduki, na pumzi ameibana.

Mbele yake, kwenye ukuta wa kokoto, limeegemezwa boksi lililochorwa duara kwa rangi nyekundu ya kupaka boti. Kando yake amechutama binamu yake, Inokenti Boskof, mtu mnene aliyevaa gambuti za kahawia za wavuvi. Inokenti ndiye anayempakilia risasi, moja moja, na hamruhusu kutazama anachoweka.

"Piga ukiwa tayari," anasema Inokenti.

Fedosia anavuta kifyatulio. Hakuna mlio. Inasikika tik ndogo tu, kama kufuli la sanduku. Lakini mtutu umeinama mpaka chini, bega limeruka, na macho ameyafumba kwa nguvu mpaka uso mzima umejikunja.

Risasi aliyowekewa haikuwa na baruti. Teke la bunduki alilolikimbia halikuwepo.

"Umeona?" Inokenti anauliza.

"Nimeona."

"Sasa dubu angekuwa pale, hiyo ingekwenda wapi?"

"Kwenye gambuti zako."

Inokenti anatazama miguu yake, kisha anamtazama binamu yake. Hakuna anayecheka. Fedosia anajiinua, anakaa kitako kwenye turubai lililolowa, anaingiza mkono ndani ya koti na kulikanda bega la kulia. Hapo chini ya kola kuna alama ya zambarau, upana wa kiganja, ambayo haijapata kupona tangu mwaka jana.

Msimu wa kuwinda elki unafunguliwa wiki ijayo. Naye bado hajui atabeba bunduki gani.

Fedosia ana miaka hamsini na miwili. Miezi ya kiangazi husafisha samaki wa samoni kiwandani. Ikifika vuli huvuka maji kwenda kisiwa cha Afognak na kufanya kazi anayoiita kazi yake hasa: kubeba nyama. Wawindaji huja kutoka bara kutafuta elki, mnyama wa jamii ya paa lakini mwenye ukubwa wa ng'ombe. Wakishampiga, mtu lazima ambebe mpaka ufukweni. Mtu huyo ni Fedosia.

Paja moja la dume ni mzigo kama mfuko wa saruji. Hulifunga mgongoni kwenye fremu ya bomba na kupita nalo katikati ya misonobari, juu ya magogo yaliyooza, ndani ya vichaka ambavyo mtu haoni mbele zaidi ya urefu wa mkono wake. Nyama mbichi inanuka. Damu inamchuruzikia kwenye suruali. Na kisiwa hicho kina dubu.

"Watu huniuliza kama naogopa," anasema. "Nawaambia, mimi natembea nimevaa chakula. Wewe ungeonaje?"

Dubu wa Afognak ni wa jamii ileile ya Kodiak, na dume aliyekomaa akisimama kwa miguu ya nyuma anachungulia dirisha la ghorofa. Wengi hukimbia wakinusa watu. Lakini wapo waliojifunza maana ya mlio wa bunduki. Wanajua kwamba ukisikika, mahali fulani kuna nyama imelala chini. Hao hugeuka na kuja.

Ndiyo maana mchukuzi hubeba bunduki ingawa hawindi. Na ndiyo maana swali la risasi, ambalo kwa mteja ni jambo la kubishania akinywa kahawa, kwa Fedosia ni swali la namna atakavyolala usiku.

Mpaka mwaka juzi hakuwahi kuliuliza. Alikuwa na bunduki ya marehemu baba yake, ya risasi iitwayo thelathini-sifuri-sita, ambayo Port Lions huitwa sifuri-sita tu. Ni risasi ya tangu enzi za mababu. Karibu kila nyumba inayo, na duka la kijiji haliishiwi. Fedosia aliipigia paa tangu akiwa msichana. Anasema aliizoea kama mtu anavyozoea mlango wa nyumba yao, anaufungua bila kutazama.

Kisha ikaja ile asubuhi ya Oktoba.

Mteja alikuwa amempiga elki jioni ya kuamkia siku hiyo, kwenye bonde la kijito upande wa magharibi. Walimchuna, wakabeba walichoweza, wakaning'iniza kilichobaki kwenye tawi. Asubuhi wakarudi wawili kuchukua mzigo uliobaki: Fedosia na mdogo wake wa tumbo moja, Spiridon, ambaye naye alikuwa mchukuzi.

Nyama haikuwa mtini. Chini ya mti palikuwa na kichuguu cha udongo, majani na matawi yaliyovunjwa. Kilikuwa kipya, udongo bado mweusi na wenye maji. Dubu huifukia nyama namna hiyo, kisha hulala karibu kuilinda. Ndugu hao wawili walikiona wakiwa wamekwisha kukikaribia mno.

"Spiridon alisema, 'Dada, rudi nyuma polepole,'" anakumbuka Fedosia. "Alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto asiguse chungu cha moto. Ndipo nikajua kwamba ameshamwona."

Watu hufikiri dubu hunguruma kwanza. Huyu hakutoa sauti. Vichaka ndivyo vilivyopiga kelele.

Risasi ya kwanza ya Fedosia ilimpata begani. Aliona manyoya yakitetemeka na maji ya mvua yakiruka. Dubu hakupunguza mwendo hata kidogo, akamkumba Spiridon na kumwangusha. Risasi ya pili aliipiga akiwa anakimbia kuelekea kwao, na hakujua imekwenda wapi. Ya tatu aliipiga akiwa karibu kiasi cha kusikia joto la mnyama usoni.

"Dubu sikumwogopa tena wakati ule," anasema. Anafuta mvua puani kwa mgongo wa mkono. "Niliogopa nywele za Spiridon. Nilikuwa naziona katikati ya manyoya. Nikafikiri, nikitetemeka kidogo tu, nampiga yeye."

Hakutetemeka. Dubu alilala juu ya Spiridon na hakuinuka. Ilimbidi Fedosia atumie gogo kama nyenzo kumwondoa. Helikopta ya walinzi wa pwani ilimpeleka Spiridon hospitali akiwa hai. Alipoteza jicho la kushoto na vidole viwili vya mkono wa kulia, na taya lake likashonwa kwa waya.

Kijijini, kila mtu alikuwa na neno. Waliokuja kumwona mgonjwa, waliokutana na Fedosia dukani, waliokuwa wakisubiri barua posta, wote walisema kitu kimoja: sifuri-sita ni ya paa. Dubu anataka kitu kikubwa. Walisema kwa huruma, wakimshika bega. Fedosia aliyasikia kama hukumu.

"Hakuna aliyesema, 'Ni wewe uliyemponza nduguyo,'" anasema. "Walisema bunduki ndogo. Lakini bunduki ilikuwa mkononi mwa nani?"

Majira ya baridi yalipokwisha akanunua bunduki ya tatu-saba-tano.

Hii ndiyo risasi ambayo wengi wanaotembea na wateja kwenye visiwa hivi huiamini kuliko zote. Ni ndefu kama kidole cha kati na nene kama kidole gumba, na kichwa chake kina uzito wa kuvunja mfupa na kupita. Alipoishika dukani alisikia kifua kikifunguka. Alihisi kwamba hatimaye amenunua usalama.

Alipoipiga mara ya kwanza, ilimtoa machozi.

Fedosia ni mwanamke mwembamba mwenye mabega madogo. Bunduki ile ilimrudisha nyuma kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Alijilazimisha. Alipiga tena na tena, jioni baada ya jioni, akiamini mwili utazoea. Mwili ukajifunza jambo jingine. Ulijifunza kwamba kila kidole kinapogusa kifyatulio, maumivu yanakuja. Ukaanza kuyakimbia kabla hayajafika.

Alipiga chini. Alipiga pembeni. Alilaumu darubini ya bunduki, akaitoa. Alilaumu mvua.

Mwaka jana alikwenda nayo Afognak. Akiwa na mteja kwenye uwanda wenye ukungu, wakimkatakata elki aliyelala, dubu alitoka msituni. Hakuja kwa kasi. Alikuja kwa mwendo wa mwenye mali, kichwa chini, akigonganisha meno, kelele kama ya mtu anayegonga vipande viwili vya ubao.

Fedosia aliinua tatu-saba-tano. Aliweka kidole mahali pake. Na kidole kikakataa.

"Dubu yuko mbele yangu, na mimi naogopa bunduki," anasema. "Naogopa bega langu. Nilisimama pale nikiwaza kwamba itaniumiza. Mtu mzima. Mteja yuko nyuma yangu, ananitegemea, na mimi nawaza maumivu ya bega."

Walirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye miti, wakaondoka mikono mitupu. Sheria hairuhusu kumuua dubu kwa sababu ya nyama tu, hivyo kila mtu alimsifu kwa utulivu wake. Mteja alimshukuru kwa kumkumbatia. Fedosia alipofika kambini aliingia ndani ya hema, akafunga zipu, akang'ata mkono wa koti ili asisikike.

Aliyemwambia ukweli ni Inokenti peke yake, naye ndiye aliyefikiria ile hila ya risasi isiyo na baruti.

"Sasa tufanye hivi," Inokenti anasema machimboni, akiichukua tatu-saba-tano mikononi mwake na kumpa bunduki nyingine iliyofungwa kwenye blanketi. "Hii ni ya shemeji, tatu-tatu-nane. Iko katikati. Jaribu."

Fedosia anajaribu. Teke lake ni kali vilevile, la haraka zaidi, kama kofi. Kwenye risasi ya nne anafumba macho tena.

"Na hii?" Inokenti anafungua upande wa pili wa blanketi.

Fedosia anaitambua kabla haijatoka yote. Ni ya baba yake. Hajaigusa tangu ile asubuhi.

"Umeitoa wapi?"

"Kwako. Stoo, nyuma ya nyavu. Mlango hufungi."

"Mwizi wewe."

"Mwizi angeiba kitu kizuri," anasema Inokenti, na safari hii Fedosia anatabasamu kidogo.

Lakini haishiki. Anaitazama kwa muda, mvua ikiipiga. Inokenti anachutama karibu naye na kutoa risasi mbili mfukoni, moja kwa kila kiganja. Zote ni sifuri-sita. Ya kushoto ina kichwa kifupi chenye ncha. Ya kulia ina kichwa kirefu, butu, kilichojitokeza nje ya ganda kama kidole kilichotoboa soksi.

"Hii ya kushoto ndiyo uliyompiga nayo yule dubu," anasema. "Ya paa. Nyepesi, laini. Imetengenezwa ifunguke haraka, kwa sababu paa ni mwembamba. Ulikuwa umetoka kuwinda paa wiki ile, hukubadili. Mimi nilikuwa pamoja na waliokwenda kumchuna. Niliiona pale begani. Ilivunjika kama biskuti, haikufika ndani. Nilikwambia."

"Uliniambia?"

"Hospitalini. Ulikuwa unatazama ukuta."

Fedosia hakumbuki.

"Hii ya kulia ni nzito, mara moja na nusu ya ile. Kichwa chake hakipasuki ovyo, kinaendelea kwenda. Bunduki ni ileile. Teke limezidi kidogo tu. Sikudanganyi, haiwi tatu-saba-tano. Mimi yangu siiachi, na ningekuwa na bega lako ningesali nipate lingine. Ila ninachosema ni kwamba dubu hajui jina la bunduki. Anajua tu ilipoingia na ilipofika."

Fedosia anaichukua risasi ndefu, anaigeuzageuza. Kisha anairudisha.

"Siwezi," anasema. "Nikiishika hiyo bunduki nitaziona nywele zake."

Spiridon Malutin anaishi nyumba ya tatu kutoka kanisani. Siku hizi anashona nyavu, kwa vidole vitatu vya mkono mmoja na vitano vya mwingine, na anasema nyavu zake zina mafundo mazuri kuliko zamani kwa sababu sasa hana haraka. Dada yake hupita kwake karibu kila mchana. Leo ameleta piroki, mkate wa samoni na wali, bado wa moto ndani ya taulo.

"Umelowa," Spiridon anamwambia. "Umetoka machimboni. Kijiji kizima kimesikia."

"Kijiji kizima hakina kazi."

"Na wewe huna shabaha, nimeambiwa." Anakata piroki, anampa kipande kikubwa. "Kaa, dada. Jicho moja linatosha kuona kwamba hujala."

Wanakula. Kisha Spiridon, bila kumtazama, anaanza kusema jambo ambalo hajawahi kulisema ndani ya miaka hii miwili.

"Unajua nilikuwa macho? Muda wote. Watu hudhani nilizimia. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilisikia ukikimbia. Nikajua unakuja, na nikaogopa kuliko nilivyomwogopa yeye."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa utapiga ovyo. Kisha nikasikia umesimama. Ukavuta pumzi. Nilikuwa nimelala chini ya dubu na nikaisikia ile pumzi yako, kama unavyovuta ukiwapiga paa. Nikasema, sawa, basi, atapiga anapotaka kupiga." Anafuta midomo. "Ukapiga ulipotaka."

Fedosia ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Ungekuwa na lile lidude lako jipya," anaendelea Spiridon, "ukafumba macho kama wanavyosema unafumba, nisingekuwa hapa kula piroki. Na wewe usingekuwa hapa, maana nakujua. Ungejitupa majini."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Watu walinionea huruma mimi, wakakupa wewe lawama iliyofungwa kwa karatasi nzuri. Mimi sijakulaumu. Ila badili hizo risasi za paa, tafadhali. Hilo nakulaumu."

Kicheko kinamtoka Fedosia kikiwa kimechanganyika na kitu kingine, na inambidi aende dirishani.

Linabaki tatizo la Lorna Hegg, mwenye kambi ya wawindaji anakofanya kazi Fedosia. Lorna ana kanuni moja asiyoichezea: anayetembea na mteja wake habebi chini ya tatu-tatu-nane. Aliiweka baada ya Spiridon kuumia, na aliiweka kwa sababu hataki tena kupiga simu ya namna ile kwa mama wa mtu. Fedosia anapompigia kumweleza, Lorna anamsikiliza mpaka mwisho.

"Unaniomba nikuruhusu urudi na bunduki ileile," anasema.

"Bunduki ileile, risasi nyingine."

"Fedosia, nakupenda. Lakini kama huwezi kubeba kubwa, kaa kambini upike. Kazi ipo."

"Njoo machimboni kwanza. Ukishaona, nitapika kama utaniambia nipike."

Lorna anakuja na boti yake kesho yake. Amebeba tairi kuukuu, na katikati ya tairi amebana kadibodi. Ni mtihani wake wa miaka mingi. Tairi linaviringishwa kutoka juu ya mteremko kuja kwa mpiga risasi, likirukaruka juu ya mawe, na hakuna ajuaye litageukia wapi.

Wanaanza na tatu-saba-tano. Inokenti, akiwa juu, anaachia tairi. Fedosia anapiga mara moja, kokoto zinaruka mbali pembeni. Kabla hajarudisha mtutu mahali pake, tairi limeshampita na kuanguka kwenye dimbwi.

Kisha anachukua sifuri-sita. Anaweka zile risasi ndefu, anafunga komeo, na mkono unapopita kwenye mbao pale baba yake alipochonga msalaba mdogo, anasimama kidogo.

"Niambie," Inokenti anapaza sauti kutoka juu.

Fedosia anavuta pumzi. "Achia."

Tairi linakuja. Anapiga, anavuta komeo, anapiga, anavuta, anapiga. Tairi linaanguka karibu na miguu yake. Kadibodi ina matundu matatu. Moja liko pembeni kabisa, lakini liko.

Lorna anaingiza kidole kwenye kila tundu. "Macho yalikuwa wazi," anasema. "Nilikuwa nakutazama wewe, sikutazama tairi." Anafikiri. Amekuwa na kanuni yake kwa sababu nzuri na haiachi kwa urahisi. "Utakwenda na Inokenti na tatu-saba-tano yake. Peke yako, hapana. Na nikikukuta na hata risasi moja ya paa mfukoni, nakurudisha na boti ya kwanza."

"Hata mimi ningejirudisha," anasema Fedosia.

Katikati ya Oktoba, Fedosia na Inokenti wako Afognak na mteja mmoja, Wendell Tasker, fundi bomba kutoka bara, mtu wa maneno machache. Tasker amempiga elki jike asubuhi, kwa risasi moja, kwenye ukingo wa kinamasi. Inokenti amekwisha ondoka na paja la kwanza kuelekea ufukweni, akidhani atarudi upesi ingawa Lorna alikataza Fedosia kuachwa peke yake. Fedosia na Tasker wamebaki wakifunga mizigo yao.

Ndege wadogo waliokuwa wakilia kwenye misonobari wananyamaza.

Fedosia anaacha kamba. Anaiokota bunduki iliyoegemea gogo, anasimama, anasikiliza. Anasikia fimbo ikivunjika. Kisha nyingine.

"Bwana Tasker," anasema kwa sauti ya kawaida, "njoo nyuma yangu. Usikimbie."

Dubu jike anatoka kwenye vichaka, na nyuma yake watoto wawili wakubwa, karibu kumfikia kimo. Anasimama. Pua inapanda na kushuka. Anaona watu, anapuliza kwa nguvu kama breki ya lori, na anakuja.

Kati yao kuna gogo lililoanguka, jeupe, lisilo na gome. Fedosia analiona na kujiambia: akilipita hilo, napiga. Kufuli la usalama la bunduki ameshalifungua. Shavu liko kwenye mbao. Macho yako wazi, na kwa sababu yako wazi anaona vitu. Anaona masikio ya dubu. Anaona kovu juu ya pua. Anaona kwamba mmoja wa watoto ameanza kurudi nyuma.

"Hapo hapo, mama," anasema, bila kujua kwamba anasema kwa sauti. "Hapo hapo."

Dubu anafika kwenye gogo na kusimama, miguu ya mbele juu yake. Povu linaning'inia mdomoni. Anapiga meno. Fedosia anaanza kukaza kidole, taratibu, na kidole kinakubali. Kimebakiza upana wa unywele.

Mtoto aliyerudi nyuma analia. Dubu anageuza kichwa. Anabaki hivyo, nusu huku nusu kule, muda ambao Fedosia hawezi kuupima. Kisha anashuka kwenye gogo na kurudi alikotoka, bila haraka, na vichaka vinafunga nyuma yake.

Tasker anakaa chini kwenye matope. Fedosia anageuka pembeni na kutapika.

Inokenti anawakuta hivyo, ameingia akikimbia, bunduki yake kubwa kifuani, kwa sababu njiani amekutana na nyayo mbichi za dubu juu ya nyayo zake mwenyewe. Wanabeba nyama yote kwa watatu, wakipiga kelele njia nzima, na hawapumziki mpaka wanapoona boti.

Akiulizwa kama risasi ile ingetosha, Fedosia anatikisa kichwa.

"Sijui," anasema. "Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Pengine ingetosha, pengine isingetosha. Ninachojua ni kwamba ingeingia pale nilipokuwa natazama. Zamani nilitaka risasi itakayoniondolea hofu. Haipo. Naogopa vilevile. Nilitapika, si umesikia? Lakini sasa namwogopa dubu peke yake."

Tatu-saba-tano ameiuza kwa mvuvi mmoja wa kijiji jirani cha Ouzinkie mwenye mabega mapana. Msimu ujao Lorna amemwita tena, na kanuni yake ameibadilisha: kila mchukuzi atabeba kile ambacho tairi litasema anaweza.

Lakini mpango wa Fedosia hasa si wa msimu ujao wa elki. Ni wa Mei, theluji ikiyeyuka. Upande wa pili wa mlango wa bahari, kwenye kisiwa hichohicho cha Afognak, kuna kijiji cha zamani alikozaliwa mama yao, kilichohamwa baada ya mawimbi makubwa kukisomba. Makaburi ya mababu bado yako huko, na misalaba inaanguka. Kila masika Spiridon alikuwa akienda kuisimamisha. Hajaenda tangu alipoumizwa.

Mchana mmoja wa Novemba, akishona wavu karibu na jiko, anasikiliza dada yake akimweleza mpango wa kwenda wote wawili makaburini: boti, siku moja tu, watarudi kabla ya jioni, Fedosia atakuwa na bunduki.

Sindano ya wavu inasimama.

"Mei dubu wanaamka usingizi wa baridi," anasema Spiridon. "Wanakuwa na njaa."

"Najua."

"Na wewe unaogopa. Naliona hilo hata kwa jicho hili."

"Naogopa sana."

Anashona fundo moja, anakaza, anakata uzi kwa meno. "Nikisema turudi, tunarudi," anasema. "Huniulizi kwa nini."

"Sikuulizi."

"Hata kama ndiyo kwanza tumefika. Hata kama nimeshusha mguu mmoja tu kutoka botini."

Fedosia anaweka kuni jikoni na kufunga mlango wake wa chuma.

"Mguu mmoja unatosha kwa mwaka ujao," anasema. "Wa pili tutaushusha mwaka mwingine."